Shemeji Anataka Spidi

Shemeji yangu ana stesheneri, na wateja wake wa zamani wanaujua utaratibu. Asubuhi anabonyeza kitufe cha sipiyu kabla hata hajafungua dirisha. Halafu anafagia, anamwagia maji mlangoni kutuliza vumbi, anasalimiana na mama wa vitumbua pale kibarazani, anauliza hali ya watoto mmoja mmoja kwa majina, anahesabu chenji ya jana. Akirudi mezani, Windows bado inazungusha vidoti vyake. Mteja wa kwanza aliyekuja na flashi kuprinti barua ya kazi anaonyeshwa benchi. Benchi linatazamana na vitumbua. Mama wa vitumbua hajawahi kuilalamikia kompyuta ile.

"Shemeji," akaniambia siku moja, "wewe si ndiye msomi wa mambo haya? Nataka spidi."

Usomi wangu ni kwamba niliwahi kuonekana nikichomoa waya wa printa na kuuchomeka tena, printa ikafanya kazi. Tangu hapo ukoo mzima unanitambua kuwa injinia.

Kompyuta yenyewe ni mtumba wa kutoka Ulaya, wa kizazi cha Core 2 Duo, chipu ambazo Intel ilianza kuzitoa mwaka 2006. Ubavuni ina stika ya Kijerumani ambayo hakuna aliyewahi kuielewa na hakuna anayethubutu kuibandua. Ukisogeza sikio unaisikia hadidiski: krr, krr, kimya, krr. Sauti hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe. Mle ndani mna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Faili ikiitwa, mkono unahama, halafu unangoja sahani izunguke mpaka faili ipite chini yake. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 8. Utaona si kitu, mpaka ukumbuke kwamba Windows ikiamka huita mafaili madogo kwa maelfu, na kila moja liko kona yake. SSD haina sahani wala mkono. Inaifikia data kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde, basi.

Shemeji alinisikiliza kwa heshima zote. "Kwa hiyo ni flashi kubwa."

Nilitaka kubisha, nikakosa pa kuanzia. Ni flashi kubwa. Teknolojia ni ileile aliyoibuni Fujio Masuoka wa Toshiba miaka ya 1980, imepewa tu kichwa kizuri zaidi cha kuiendesha.

Mtaani ikishajulikana kwamba unataka kununua kitu, ushauri unakuja wenyewe. Kijana wa duka la simu akasema tuongeze ramu. Ramu ilikuwepo ya kutosha. Kilichokuwa kinasubiriwa ni diski. Mjomba akasema tununue laptopu, na alipoulizwa kwa hela ipi akakumbuka ana kikao. Binamu akatoa hukumu kwamba mashine ile ni maiti: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 chipu za umri ule haizitaki kabisa. Binamu ana hoja, na nilimsihi shemeji asifungue mambo ya benki kwenye kompyuta ile. Lakini shemeji alikuwa na swali lake: "Hiyo Windows mpya inaprinti mialiko ya harusi vizuri zaidi?" Binamu akanyamaza.

Kariakoo nikaangukia mikononi mwa kijana mwenye mdomo. "Bosi, achana na za kizamani," akaniwekea kiganjani kijibao chembamba cha urefu wa kidole. "NVMe hii. MB 3,500 kwa sekunde." Nikamwambia mashine yetu haina tundu lake. "Kadi ya kuchomekea ipo." Kweli ipo. Tatizo ni kwamba BIOS ya umri ule haijui kuwaka kutoka kwenye diski ya namna hiyo. Kanuni za kwanza za NVMe zilitoka mwaka 2011, na wakati huo mazabodi ya shemeji ilikuwa imeshaajiriwa huko Ulaya na pengine imeshaomba likizo.

Basi akashuka kwenye SSD za kawaida, zile bapa za inchi 2.5, akaanza kunipandisha bei kwa namba. Hii MB 500, hii 550, hii 560, bosi, moto wa kuotea mbali. Tundu la SATA kwenye mashine yetu ni la kizazi cha pili, na mwisho wake ni MB 300 kwa sekunde, tena hapo ni kwenye makaratasi. Kulipia 560 ni kununua basi la mwendokasi ukalipitishe kichochoro cha Tandale. Na shemeji wala hakuhitaji 300. Alichohitaji ni ile krr krr iishe, na hilo hata SSD ya bei ya chini kabisa inalimaliza, ilimradi iwe halisi.

Hapo kwenye uhalisi ndipo pana kazi. Pembeni ya kabati palikuwa na kiboksi kinachong'aa kimeandikwa TB 16, bei yake inazungumzika. TB 16 kwa bei inayozungumzika haipo duniani. Vitu vya aina hiyo ukivipasua unakuta kadi ndogo ya memori imegandishwa kwa gundi, na programu iliyofundishwa kuidanganya kompyuta. Mafaili ya kwanza yanaingia vizuri, unafurahi, unamsifia na muuzaji; mbele ya hapo yanaandikwa juu ya wenzao, na unakuja kugundua siku unapoitafuta picha ya marehemu. Nikachukua ya GB 240, ya kampuni inayojulikana, yenye risiti.

Shemeji akaipokea, akaipima mkononi, akanitazama kwa huruma. "Shemeji, umeuziwa kasha tupu."

Simlaumu. Kitu chenyewe hakifiki gramu mia, na ndani kabisa hata hilo kasha halijai. Kibao chenye chipu mara nyingi kinakaa nusu tu. Alitulia fundi wa jirani alipomhakikishia kwamba ndivyo zilivyo, kwa sababu fundi anavaa ovaroli na mimi sivai.

Fundi akafungua sipiyu. Vumbi lilikuwa limeshakuwa blanketi, na nyuma ya pawasaplai, penye joto, alikuwemo mjusi kafiri aliyekauka, mkia umejikunja kistaarabu. Fundi alimtoa kwa bisibisi bila kusema neno, kama mtu anayekutana na mambo hayo kila siku. SSD haikuenea kwenye sehemu ya hadidiski, ambayo ni ya inchi 3.5, na kishikizo hatukuwa nacho. Akaibandika kwa gundi ya pande mbili. Shemeji akashtuka, lakini fundi alikuwa sahihi: haizunguki wala haitetemeki, haina sababu ya kukazwa kwa skrubu nne.

Ubishi ulikuja kwenye kunakili. Hadidiski ya zamani ni GB 250, mpya ni 240, na programu ya kunakili inagoma kumimina kikubwa kwenye kidogo hata kama kikubwa hakijajaa. Fundi akatoa dawa yake ya magonjwa yote: "Tupige Windows upya." Shemeji akasimama mbele ya meza. Mtaa mzima umo kwenye kompyuta ile: mikataba ya pango, bajeti za kamati za harusi, barua za mjumbe, ratiba za misiba, na skrini imefunikwa na mafaili mpaka picha ya maua haionekani. CV MPYA. CV MPYA 2. CV MPYA YA MWISHO. CV MPYA YA MWISHO KABISA MUNGU NISAIDIE. Haya yote kwa uzito si kitu. Kilichojaza diski ni filamu ambazo vijana walizihifadhi humo enzi za kujaziana flashi. Tukazihamisha, tukapunguza patisheni, kunakili kukakubali. (IBM ilipotoa hadidiski yake ya kwanza mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, ilizidi uzito wa wanaume kumi, na ilibeba herufi milioni 5. Cheti kimoja cha kidato cha nne kikiskaniwa ovyo kinaijaza.)

Ikawashwa. Shemeji hakuwahi hata kuushika ufagio.

Furaha ilidumu mpaka umeme ulipokatika. Uliporudi, skrini ya bluu na malalamiko ya Kiingereza kuhusu diski isiyofikika. Wote wakarudi kutoa rambirambi: si tulisema, SSD, Kariakoo, kasha tupu. Fundi akaanza kukunja mikono apige Windows. Nikaingia kwenye BIOS kutazama saa, ikaniambia ni Januari 2009. Dalili hiyo ilikuwepo zamani, tuliizoea tu. Kuna kijana alipeleka ombi la kazi lililojiandikia tarehe ya 2009, mwaka aliokuwa darasa la kwanza. Betri ya mazabodi ilikuwa imekufa. Umeme ukitoka, BIOS inasahau kila kitu, na safari hii ilisahau pia kwamba fundi alihamisha diski kutoka IDE kwenda AHCI. Windows ikaamka ikakuta mlango wake umebadilishwa kitasa. Tukarudisha mpangilio, tukanunua betri ya CR2032, lile duara la volti 3 linalouzwa hata na mafundi saa, na SSD ikasafishwa jina.

Sasa inawaka kabla mteja hajakaa. Mama wa vitumbua ameuliza, kwa utani ambao haukuwa utani, kama ile diski ya zamani bado ipo. Na wateja wamegeuka wagumu wa kulipa. Juzi mzee mmoja alileta barua ya kiwanja, ikatoka palepale, akakataa bei. "Elfu moja kwa kubonyeza tu? Zamani ulikuwa unaifanyia kazi."

Shemeji hakubishana. Akamwomba barua, akavaa miwani, akafungua mafaili matatu yasiyohusika, akayatazama kwa makini, akaguna, akayafunga, akajinyoosha mgongo, akaprinti upya.

"Eeh," mzee akasema akitoa noti, "sasa hii ndiyo barua."