Dakika ishirini za Uhud

Kama kuna mtu wa Kivu aliyewahi kunung'unika kwamba safari inakwenda mbio, basi ni mimi, na najua majirani zangu wa Masisi na Walikale watanicheka mpaka washike mbavu. Huku kwetu lawama ya njia ni moja tu: gari limekwama, teremkeni tusukume. Kutoka Goma mpaka Walikale ni kilomita mia mbili na kidogo, lakini ukimuuliza dereva mtafika lini anakujibu "Mungu akipenda", na hasemi hivyo kwa ucha Mungu, ni uzoefu unaomsemesha. Matope yana saa zake na barieri zina bei zake. Pale Kilambo, jirani na Mubi, miaka ile ya pupa ya madini ya Bisie, ndege zilikuwa zikitua juu ya barabara yenyewe, magari yanasimama kando kuzipisha. Nani mwingine duniani amechelewa kufika sokoni kwa sababu ndege imekaa njiani?

Sasa mtu wa namna hiyo mpeleke Hija. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, kwa hiyo unavuka mpaka kwa miguu na mabegi yako, ukatafute ndege kwa jirani. Sawa, hiyo tumeizoea. Balaa linaanza ukishafika. Kati ya Makka na Madina kuna treni, imeanza kubeba watu mwaka 2018, inakwenda kilomita 300 kwa saa. Kilomita zile 450 zinaisha kwa saa mbili na ushei. Shangazi yangu alikuwa amefunga chakula cha safari kama kawaida yetu, cha kutosha kulala njiani. Alipofungua kopo la kwanza tukaambiwa tushuke.

Hayo ya treni nayasamehe. Ninachoshindwa kusamehe ni ziyara.

Ziyara ya Madina inafanywa asubuhi moja, kwa basi: Quba, Qiblatain, Khandaq, Uhud, na kabla ya adhuhuri mmerudi hotelini. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa pwani anayesoma hukohuko, mwenye Kiswahili kitamu na saa kubwa mkononi. Kiswahili nilikipenda. Saa niliichukia. Quba, msikiti wa kwanza kujengwa katika Uislamu, tulisali rakaa mbili ambazo malipo yake, tumefundishwa, ni kama ya umra. Tulipotoa salamu tukakuta basi linanguruma. Qiblatain, ambako inasimuliwa Waislamu waligeuka katikati ya sala kutoka Bait al-Maqdis kuelekea Kaaba mwaka wa 2 Hijria, tuliingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa mwingine. Khandaq, handaki lililochimbwa mwaka wa 5 kwa ushauri wa Salman al-Farsi, tulilitazama dirishani. "Mkono wa kushoto," akasema kijana. Mimi nilikuwa nimekaa kulia, nikaona duka la matairi.

Tukafika Uhud. Dakika ishirini, akasema.

Hesabu nami. Basi lina mlango mmoja, na wazee wetu wana magoti. Mpaka wa mwisho ashuke, nne zimekwisha. Nyingine nne za kupanda tena. Mbili za kumtafuta mzee mmoja wa Mubi ambaye kila tukisimama hupata rafiki mpya. Zinabaki kumi kwa mashahidi sabini wa vita vya Uhud, akiwemo Hamza, ami yake Mtume. Yaani kila shahidi anapata sekunde nane na nusu, na hapo sijamtolea salamu hata mmoja kwa jina.

Mbele ya makaburi kuna kilima kidogo cha mawe, kimelainika kwa miguu ya watu. Hapo ndipo Mtume aliwaweka wapiga mishale hamsini, chini ya Abdullah bin Jubair, akawaambia wasibanduke hata waone nini. Walipoona wenzao wanaokota ngawira, wengi wakashuka, na vita vikageuka. Kijana alitusimulia hayo vizuri sana, mpaka shangazi akafuta machozi. Hajamaliza sentensi, chini ya kilima akatokea muuza tasbihi na kofia, tatu kwa riyali kumi. Nusu ya kikundi chetu ikashuka mbio. Nilibaki juu na mzee wa Mubi. "Unaona," akaniambia, "kungekuwa ni sisi siku ile, tungeshindwa mapema zaidi." Na yeye akashuka, akidai anakwenda kuwarudisha. Alirudi na kofia mbili.

Honi ikalia. Shangazi yangu, ambaye hakununua kitu, alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye uzio wa makaburi. Akamgeukia yule kijana na Kiswahili chetu cha Masisi: "Mutoto yangu, mu matope ya Kashebere tulilala siku mbili na hakuna mutu alitusukuma. Hapa kwa Hamza unatupatia dakika makumi mbili?" Kijana akacheka kwa adabu. Saa haikucheka.

Mnajua tulikokuwa tunawahi? Duka la tende. Na huko, Waislamu wenzangu, hakuna aliyetaja dakika. Tuliketishwa, tukapewa kahawa, tukaonjeshwa ajwa, safawi na sukkari, tukaonyeshwa tende zenye lozi ndani na tende zilizovishwa chokoleti. Saa nzima na zaidi. Leo hii naweza kukutofautishia tende za Madina nikiwa nimefumba macho, lakini ukiniuliza Jabal Uhud ina rangi gani jioni, sijui, sikuachiwa jioni.

Wale wanaosema ni haraka ya zama zetu, wakumbuke dini hii ilitufikiaje. Ilikuja kwa miguu kutoka pwani, pamoja na misafara ya pembe na watumwa ya kina Tippu Tip, ambaye miaka ya 1870 aliweka makao yake Kasongo, Maniema. Kilichoingia baadaye huku kwenye milima na misitu yetu kiliingia polepole, kijiji kwa kijiji. Dini imetumia vizazi kunifikia, mimi napewa dakika kumi kuirudishia salamu.

Rawdha yenyewe siku hizi ni ya kuomba nafasi kwenye simu, kwa programu ya Nusuk. Hapo silalamiki sana, umati ni umati. Kule makaburini Baqii akina mama hawaingii, wanasimama nje; shangazi alisimama muda mrefu kuliko sisi tulioingia, kwa sababu yeye hakuna aliyemwambia "tariq, tariq, ya haji", yaani njia, njia. Na Jabal Nur, kule Makka? Mita 640 na ngazi juu. Watu wa nchi nyingine walikuwa wanahema, wanashika viuno. Shangazi, aliyezaliwa kwenye milima inayopita mita 2,000 na kubeba viazi mgongoni tangu utoto, alipanda huku anasimulia. Ndiyo mara pekee kiongozi wetu alibaki nyuma, na ndiyo ziyara pekee niliyoifurahia yote.

Kwa hiyo nyinyi mnaoongoza vikundi vya mahujaji wa Kivu, mnisikie. Msituhurumie kwamba tutachoka kusimama. Watu waliongoja lori litolewe matopeni huko Kashebere hawachoki mbele ya Hamza. Tupeni asubuhi nzima ya Uhud, na Khandaq tushuke. Tende, kama ni za lazima, semeni bei tuchange pesa, mtuletee hotelini.