Maziwa Yasiyonyweka

Katika karakana moja ya Kahama, mashine yetu ya kukereza ilinyonya maziwa kuliko ndama. Hivyo ndivyo tulivyoyaita maji ya kupozea, yale meupe yanayomiminikia chuma kinapokatwa: mafuta kidogo, maji mengi. Kidogo ni kiasi gani? Hapo ndipo palipokaa ugomvi.

Makopo mengi husema asilimia 5 hadi 10. Fundi mkuu hakusoma makopo. Alichovya kidole, akakisugua kwa gumba, akatoa hukumu. Bosi naye alipima kwa bei ya mafuta, kwa hiyo kila jioni aliongeza maji. Basi shafti ya karasha la mteja wa Geita ikalala Jumamosi iking'aa, ikaamka Jumatatu na kutu, na tangi likinuka mayai viza, maana bakteria hushamiri mchanganyiko ukiwa mwepesi na mashine imepumzika. Mama ntilie wa jirani akahamisha meza zake. Mteja akauliza kama shafti tumeichonga au tumeifukua.

Fundi akalipiza: akamimina mafuta mpaka roho yake ikatulia. Povu likafurika, moshi ukapanda, mikono ikawasha. Na kwa kuwa alitanguliza mafuta, akafuatisha maji, maziwa yakakatika. Tukalaumu maji ya kisima, ambayo kweli yakiwa magumu huharibu mchanganyiko. Ila sisi tulitumia ya bomba, ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele.

Ndipo ikanunuliwa refraktomita, kibomba cha kuchungulia: tone moja kwenye kioo, elekeza kwenye mwanga, soma mstari. Skeli yake, Brix, ilitungwa kwa ajili ya sukari, hivyo unazidisha kwa namba ya mafuta yako. Yetu ilikuwa 1.5. Fundi akasoma 6, akashangilia. Hesabu ikaleta 9, bosi akanuna. Alipoambiwa kwamba jua hunywa maji na kuacha mafuta, akaanza kulisifu jua la Shinyanga.

Kijana wa maziwa ya chai alipofika na baiskeli, bosi akataka kuyapima kama yametiwa maji. Mstari ukawa ukungu mtupu, kwani mafuta ya maziwa hutawanya mwanga. Kijana akachungulia tangi letu.

"Na haya, bosi, mnatia maji kiasi gani?"

"Katika lita mia, tisini na moja."

Kijana akapanda baiskeli. "Mzee, mimi huko sijawahi kufika."