Kiingilio cha Mbuyu

Kwenu nyote wa Kibokoni, kuanzia Shangazi mpaka kitinda mimba,

Safari hii siwaandikii kutoka Glasgow. Niko Singapore, ambako mkwe wenu ameamua tuje kupumzika. Najua Mjomba ameshaweka kikombe chini: mtu aliyezaliwa Mombasa anavuka nusu ya dunia kwenda kufuata joto? Muulizeni mkwe wenu. Kwa Mskoti joto ni bidhaa adimu, hulinunua popote linapouzwa, na bei haulizi.

Singapore imekaa nyuzi moja na kitu tu kaskazini mwa ikweta. Mchana ni nyuzi 31, kesho 32, kesho kutwa 31 tena, na hewa imelowa kiasi kwamba nguo ukiianika unaipunguzia maji kidogo tu. Sisi joto tuna adabu nalo. Jua likipanda mtu anarudi ndani, anakula, anajinyoosha, alasiri ndiyo anatoka kutafuta upepo. Mkwe wenu yeye alikuja na orodha iliyopigwa chapa, na kila kitu kimeandikiwa saa yake. Kulala mchana hakumo.

Saa tatu asubuhi tulikuwa mdomoni mwa mto kumwamkia Merlion, sanamu nyeupe ya simba mwenye mkia wa samaki, anayetapika maji usiku na mchana. Alizinduliwa mwaka 1972. Wenyewe husimulia kwamba mwana wa mfalme mmoja, Sang Nila Utama, alishuka kisiwani akamwona mnyama, akaambiwa ni simba, na mji ukapewa jina la simba. Wataalamu wanasema huenda alikuwa chui milia, kwa sababu simba huku hawakuwahi kuwako. Sisi wenye simba wa kweli Tsavo hatujamjengea hata bomba. Watalii walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja akipanua kinywa ili kwenye picha aonekane anayanywa yale maji. Mkwe wenu alipanua. Picha sitawatumia, yule bado ni mume wangu.

Hatua chache kutoka hapo kuna daraja la chuma la zamani, Cavenagh, na juu yake kibao kinachosema chuma hicho kimetoka Glasgow. Basi mkwe wenu alisimama juani akikipapasa kibao kile mpaka nikamvuta mkono.

Kutoka hapo tuliingia treni ya chini ya ardhi, na ndipo nilipoujua mji huu. Nje unaiva, ndani unaganda. Mtandio niliouchukua kwa ajili ya heshima niliuvaa kwa ajili ya mapafu. Lee Kuan Yew, waziri mkuu wao wa kwanza, alisema mwenyewe kwamba jambo la mwanzo alilofanya baada ya kushika madaraka mwaka 1959 ni kuweka viyoyozi kwenye majengo ya watumishi wa serikali, wapate kufanya kazi. Kwetu hilo halingefaa kitu. Kwetu koti ndilo linaloingia kazini. Mwenye koti yuko chai.

Ndani ya treni kuna kibao cha makatazo. Kuvuta sigara, dola 1,000. Kula au kunywa, dola 500. Mwisho kabisa limechorwa tunda la doriani, limekatwa mstari, na bei hakuna. Nililitazama sana lile doriani. Kosa lenye bei mtu anaweza kulipangia bajeti.

Sasa kaeni vizuri. Ghuba ya Marina wamejenga bustani iliyofunguliwa mwaka 2012, na ndani yake kuna jumba la vioo lenye ukubwa wa zaidi ya hekta moja, linalopozwa mchana kutwa ili maua ya nchi nyingine yasife. Kuingia ni kwa tiketi, na kwa bei ya tiketi mbili ningewanunulia mabuyu watoto wa Kibokoni nzima. Tumeingia, tunatembea, baridi tamu, mkwe wenu anasoma vibao. Mara namwona nani? Mbuyu! Wa kweli, tumbo lake lile lile, matawi yake yale yale ya kukasirika, umewekewa nyuzi 23 hadi 25, na watu wanagombea nafasi ya kupiga nao picha. Kwetu Mombasa, pale Mama Ngina, mibuyu imesimama tangu zamani za kale, na sisi tunaipita bila hata salamu, macho yote kwenye mihogo ya kukaanga. Niliwafikiria majini wa mbuyuni. Wa kwetu wamezoea hewa ya bahari. Hawa wa huku sijui kama kuna aliyewagawia sweta.

Bibi mmoja mtalii akaniuliza kama naujua mti huu. Nikamwambia kwetu mbegu zake tunazipaka sukari, pilipili na rangi, tunawauzia watoto. Akanitazama, kisha akautazama uso wa mkwe wenu, ambao kwa jua la asubuhi ulikuwa umekuwa mwekundu kama hayo mabuyu yenyewe. Akasogea pembeni taratibu.

Adhuhuri ilitukuta Kampong Glam, kwenye Msikiti wa Sultani. Shangazi, hapa ungependa. Kuba zake ni za dhahabu, lakini chini ya kila kuba kuna mshipi mweusi unaometa, na ukiuangalia vizuri ni vitako vya chupa. Msikiti huu ulimalizika 1932, na chupa zilichangwa na maskini, ili jengo lisiwe la matajiri peke yao. Mkwe wenu alikuja na kaptula, wakamwazima joho. Lilimfika magotini. Akaingia kwa mwendo wa bwana harusi, akitoa salamu kulia na kushoto.

Mtaa wa nyuma unaitwa Arab Street, maana Washihiri hawakuishia Lamu na Mombasa. Akina Alkaff na Alsagoff walikuja mpaka huku wakatajirika kwelikweli. Tulikula murtabak, ambayo nyinyi mnaijua kwa jina la mkate mayai, ila huku huja na mchuzi.

Halafu ikanyesha. Radi, maji ya ndoo, orodha ikalowa. Tukakimbilia chini ya ghorofa moja la serikali, na huko ndiko nilikofurahi kuliko kote. Watu wengi wa mji huu wanakaa kwenye maghorofa hayo, na mengi sakafu yake ya chini imeachwa wazi, nguzo tupu, upepo unapita. Wazee wamekaa kwenye meza za saruji wanacheza sataranji ya Kichina, mmoja anacheza, wanne wanamfundisha kwa makelele. Hakuna kiyoyozi, hakuna tiketi. Nilivua viatu nikakaa kwenye benchi. Mkwe wenu akauliza kivutio hiki kinaitwaje, mbona hakimo kwenye orodha. Nikamwambia aketi. Dakika kumi baadaye alikuwa anakoroma.

Usiku tulikwenda Lau Pa Sat, soko la 1894 lililogeuzwa mahali pa kula, kula mishikaki yao midogo ya kuchovya kwenye mchuzi wa karanga. Huku mtu akitaka meza huacha pakiti ya karatasi za kufutia pua juu yake, akaenda kununua chakula, akarudi akaikuta. Kwetu Marikiti ungekuta pakiti haipo na meza inauzwa. Mimi nilikula; mkwe wenu aliambiwa kwamba hata nguzo za soko hili zimetoka Glasgow, mishikaki yake ikapoa.

Hapo ndipo alipotangaza kwamba anataka kuja Mombasa, tena Februari. Nikamweleza kaskazi ni nini. Akaandika kwenye orodha, akapiga mstari chini yake. Mtandikieni barazani. Atataka kupelekwa Mama Ngina, na atauliza mbuyu kiingilio chake kiasi gani. Mjomba, nakujua. Usimtajie bei.