Shauri la Majogoo

"Wametaga mangapi mpaka sasa?"

Aliyeniuliza ni mwenyekiti wa serikali yetu ya mtaa, Jumatano hii, mbele ya mtendaji, mjumbe, majirani waliojaza benchi zima, na kijana mmoja aliyekuja tu kugongewa muhuri barua yake ya kuombea kazi. Swali lenyewe halikuwa na ubaya. Ubaya ni kwamba muda mfupi kabla yake, jirani yangu wa ukuta wa nyuma alikuwa ameweka simu yake mezani, akabonyeza, na ofisi nzima ikawasikiliza kuku wangu wa mayai wakiwika. Hakuwa mmoja. Alianza wa kwanza, akafuata wa pili, kisha wakaitikia wote kama msikiti wenye vipaza sauti thelathini. Yule kijana wa muhuri aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Mwenyekiti hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alitulia akingoja jibu.

"Bado, mzee."

"Bado," mtendaji akaandika.

Barua ya malalamiko ilisema ninafuga "majogoo kwa wingi usio wa kawaida". Nilipinga. Nikaeleza kuwa nilinunua kuku wa mayai, matetea watupu, na kwamba kila kifaranga niliongezewa shilingi elfu moja kwa ajili ya utetea wake. Mtendaji akaomba risiti. Nikamwonyesha ujumbe wa muamala kwenye simu. Akausoma kwa utulivu, akauliza hapa pameandikwa wapi kwamba ni matetea. Hapakuandikwa. Paliandikwa kiasi na jina la mtu ambaye simu yake siku hizi haipatikani.

Mjumbe wa pili akaingia kwa kuchelewa, akaomba radhi, na ikabidi rekodi ipigwe upya ili naye asikie. Safari hii jogoo wa mama ntilie aliyeko nyuma ya ofisi alisikia pia, akajibu. Mwenyekiti akaagiza dirisha lifungwe.

Nilikuwa na maelezo ya kutosha, tatizo ni kwamba hakuna aliyeyataka. Basi nitayatoa hapa.

Kumjua kifaranga wa siku moja kama ni jogoo au tetea si kazi ya macho ya kawaida. Bibi zetu walianzia kwenye yai: lenye ncha ni jogoo, la mviringo ni tetea. Wengine humbeba kifaranga kwa ngozi ya shingo. Akining'iniza miguu ni dume, akiikunja ni jike. Njia hizo zote mbili ni sahihi nusu ya wakati, kama ilivyo kurusha sarafu. Wajapani ndio waliolifanya jambo hili kuwa taaluma miaka ya 1930: mtaalamu humpindua kifaranga, anabinya tumbo kidogo kinyesi kitoke, anafungua tundu la nyuma na kutafuta kipele kidogo mno ndani yake. Kuna watu waliosomea kutazama sehemu hiyo kwa miaka, na wakiiva hupitisha vifaranga karibu elfu moja kwa saa bila kukosea sana. Nimewahi kujaribu kwa kifaranga mmoja kwa tochi ya simu. Alininyea kwenye kiganja, na sikuona kipele chochote ila heshima yangu ikishuka.

Lakini kwa kuku wa mayai wa kisasa, wale wekundu, hakuna haja ya tochi. Hapo ndipo akili za watu zinaponishangaza. Kwa kuku, anayeamua jinsia ya mtoto ni mama, kinyume na binadamu, ambako ni baba (jambo ambalo lingewafaa sana wanawake waliorudishwa kwao kwa kosa la kuzaa mabinti). Wazalishaji huchukua jogoo mwekundu wakampandisha kwa koo mweupe wa aina maalumu. Koo huyo weupe wake humrithisha mtoto wa kiume peke yake. Binti haambulii kitu kwake upande wa rangi, anabaki na wekundu wa baba. Kwa hiyo siku ile ile wanapototolewa, kabla hata hawajakauka vizuri, matetea ni wa kahawia na majogoo ni wa njano iliyopauka, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuwatenganisha huku anakula muhogo.

Vifaranga niliouziwa walikuwa wa njano iliyopauka. Wote 40. Niliuliza mbona hawana wekundu, na dalali akaniambia huo ndio uzao mpya, wekundu unakuja baadaye na maziwa ya dagaa. Hadi leo sijajua maziwa ya dagaa ni kitu gani.

Walikua weupe. Upanga ukaanza kuchomoza kichwani mapema mno, mwekundu na wenye meno, na manyoya ya shingo yakachongoka. Mke wangu alikuwa wa kwanza kusema. Alisimama mlangoni mwa banda, mkono kiunoni, akasema, "Baba, hawa wana ndevu." Nikamwambia asiwakatishe tamaa kuku.

Kisha mmoja akawika. Kuwika kwa kwanza kwa jogoo hakuna utukufu wowote; ni sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta, na mwenyewe hushtuka kuliko wewe. Ila ndani ya wiki sauti ilikuwa imenyooka, na wenzake walikuwa wamejiunga.

Hapa tena naomba nieleze, kwa kuwa niliyasoma haya usiku nikiwa macho, na sababu ya kuwa macho mnaijua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya huko Japani, Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura, waliwafungia majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika usiku na mchana, wasiweze kabisa kujua jua liko wapi. Majogoo wakaendelea kuwika kwa mzunguko wa karibu saa 24. Matokeo yalitoka mwaka 2013: jogoo ana saa ndani ya mwili wake, na alfajiri huwa anaitangulia, haingoji imwamshe. Miaka miwili baadaye wakaongeza jambo ambalo lingekuwa utetezi wangu wote kama ningepewa nafasi. Majogoo huwika kwa zamu ya cheo. Mkubwa wa kundi huanza, wa pili humfuata, wa tatu baada yake, hadi yule wa mwisho. Ukimwondoa mkubwa, wa pili huchukua kiti.

Nililithibitisha hilo kwa sufuria. Nilijiambia chanzo cha kelele ni yule mmoja mwenye kifua, anayeanza saa kumi kasoro. Akienda, wengine watapotea njia. Jumapili nikamchinja. Jumatatu, saa kumi kasoro, ikasikika sauti nyingine, nzito kidogo, yenye hamu ya mtu aliyekaimu muda mrefu. Jumapili iliyofuata nikamla kaimu. Jumatatu akaapishwa wa tatu. Nilikuwa nakula uongozi wote wa banda, na ratiba haikusogea hata dakika moja. Nao hata kuliwa hawakustahili. Hawa hawakuumbiwa nyama: kisu kinapita kwenye ngozi na hapo hapo kinakutana na mfupa. Supu ilikuwa na harufu ya kuku, basi.

Kuhusu kuwika saa nane za usiku, ambako ndiko kulikomfanya jirani aende na simu dirishani, nilikuwa na jibu la kisayansi. Mbali na saa ya mwilini, jogoo huitikia mwanga wa ghafla na sauti ya mwenzake. Mwanga huo unatoka wapi? Kwenye taa ya ulinzi ya jirani huyo huyo, inayowaka yenyewe kila paka akipita, na inayomulika moja kwa moja ndani ya banda langu. Niliyasema haya Jumatano kwa sauti ya unyenyekevu. Mwenyekiti akaniuliza kama namshtaki jirani kwa kuwa na umeme.

Uamuzi: abaki jogoo mmoja, wengine waondoke ndani ya siku 14. Mtendaji alipokuwa anaandika, mmoja wa wajumbe aliniegemea akaniuliza kwa chini kama ninawauza bei gani, maana yeye angeweza "kunisaidia kupunguza" wawili watatu. Bei aliyoitaja isingenunua hata pumba walizokula mwezi mmoja.

Na kwenye pumba ndipo ninapoacha kucheka. Kuku mkubwa anakula karibu gramu 120 za chakula kwa siku, atage asitage, awike asiwike. Kunguru walichukua sita utotoni (ndege hao waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe taka, wakavuka bahari na kuongeza vifaranga kwenye orodha), wakabaki 34. Hao walikuwa wakimaliza kilo 4 kwa siku, na mfuko wa kilo 50 haukutimiza wiki mbili. Mahindi yakipanda, chakula kinapanda; mahindi yakishuka, muuzaji anasema huu ni mzigo wa zamani. Nimenunua mashudu, dagaa na chokaa ya mayai, naam, chokaa ya kuimarisha maganda ya mayai, kwa madume 34. Duka la pembejeo limepata chake. Dalali amepata chake, pamoja na ile elfu moja ya utetea. Mwenye bodaboda aliyeleta boksi lenye matundu amepata chake. Hata mama wa mkaa, uliowapa joto vifaranga umeme ulipokatika, amepata chake.

Na vifaranga wale hawakutokea kwa bahati mbaya. Jogoo wa kuku wa mayai ni mtoto asiyetakiwa na mtu: hatagi, na hanenepi vizuri. Kwenye viwanda vingi vya kutotolea vifaranga duniani huuawa siku ile ile anayozaliwa. Ujerumani wamelipiga marufuku jambo hilo tangu 2022, na sasa hutumia njia za kuijua jinsia ndani ya yai kabla kifaranga hajatotolewa. Kwetu kuna mtu amegundua njia nafuu zaidi: unawapaka jina la matetea, unamuuzia mfugaji wa uani. Kifaranga akitoka kwenye yai anakuwa amekivuta tumboni kiini kilichobaki, na kiini hicho humtosha siku mbili hadi tatu bila chakula wala maji. Ndiyo maana anaweza kusafirishwa kwa basi kutoka mkoa hadi mkoa. Ndiyo maana pia dalali hana haja ya kumnunulia hata punje moja. Hasara yote, kuanzia punje ya kwanza, inaanzia mikononi mwangu.

Kicheche alipita mara moja, akaua kumi na mmoja na kula mmoja tu kati yao.

Wale wa kienyeji niliokuwa nao kabla, wa mbegu ya mama, waliondoka na mdondo mwaka jana. Wazungu wameuita kwa jina la mji wao, Newcastle, ulipotambuliwa miaka ya 1920. Sisi tumeuita kwa jinsi kuku wanavyodondoka. Hauna dawa. Kinyesi kinakuwa kijani, mabawa yanalegea, na kwa baadhi shingo inapinda. Koo mmoja mwenye madoa, mzee, aliyekwisha kulea vizazi kadhaa uani pale, aliishi na shingo ile kwa siku kadhaa. Nilimmwagia mtama mbele yake. Aliiona punje, akailenga, akadonoa pembeni yake. Akajipanga upya, akadonoa pembeni tena. Mwishowe nikawa namlisha kwa kidole, na hata hivyo hakupona.

Tangu hapo sikosi chanjo. Ile ya matone, I-2, ilitafutwa na watu wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia kwa ajili ya wafugaji kama sisi wasio na jokofu la uhakika, na hapa nchini inatengenezwa Kibaha. Inavumilia joto kuliko nyingine, ni tone moja kwenye jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Bei yake haimshindi mtu. Tatizo ni kichupa. Kidogo kuliko vyote nilichowahi kuuziwa kilikuwa cha kuku 100, na kikishafunguliwa hakiwekwi mpaka wiki ijayo. Nani ana kuku 100 uani? Chanjo ni ya mfugaji mdogo, kipimo ni cha mwenye shamba. Kwa hiyo huwa tunachanga: mmoja ananunua, wengine wanakuja na kuku wao kwenye matenga, tunapanga foleni chini ya mwembe, mmoja anashika, mwingine anadondosha.

Zamu ya kununua ilikuwa yangu, na siku yenyewe ilikuwa jana, Jumamosi. Nilipita nyumba kwa nyumba tangu Ijumaa jioni. Wa ukuta wa nyuma sikumgongea. Wa pili alisema kuku wake wana mafua kidogo, angengoja. Wa tatu alimtuma mtoto aje aniambie hayupo. Wote nilikuwa nimeyaona majina yao kwenye ile barua, yamepangwa vizuri, kila moja na namba ya nyumba.

Nilichanja madume 21 niliobakiwa nao, peke yangu, nikiwabana katikati ya magoti. Dozi 79 nikazimwaga shimoni nyuma ya choo.