Saa 25 za Kungoja Chai

Meli ya Queen Mary 2, yenye urefu wa mita 345, huvuka Atlantiki kutoka Southampton hadi New York kwa usiku 7. Ndege humaliza kazi hiyo kwa muda wa saa 8 hivi. Abiria wa meli, basi, wamelipa fedha nzuri ili wachelewe, na bahari haiwanyimi: safari ya kwenda magharibi hurudisha saa nyuma mara 5, na kila inaporudishwa siku huwa na saa 25.

Hiyo saa ya ziada, jamani, wataipeleka wapi?

Asubuhi waungwana huzunguka sitaha. Mizunguko 3 hupita maili moja kidogo, na wapo wanaohesabu kwa sauti, jirani asikie. Mchana kuna maktaba, mihadhara, na ukumbi wenye kuba wa kutazamia nyota, ingawa nyota zenyewe usiku zimejaa juu ya sitaha, bure.

Halafu hufika saa tisa na nusu. Wahudumu wenye glavu nyeupe huingia na mabirika, skonzi, na sandwichi ndogo zilizokatwa kingo. Mzee aliyekunywa chai ya asubuhi mara mbili hunyoosha mkono kama aliyeshinda na saumu.

Wenye nafuu ni mbwa. Mabanda yao yana mhudumu wao, na mwaka 2016 wakawekewa nguzo ya taa ya Liverpool na bomba la zimamoto la New York, kila mmoja ajisaidie kwa desturi ya kwao.