Dari ya Gari Ikikushukia

Ukinunua gari kuukuu hapa Dar es Salaam, ndugu zako wote hugeuka mafundi. Mmoja atakuuliza kama injini inakula oili, mwingine atainama chini ya bampa kutafuta kutu, na hakosi wa kupiga teke matairi kwa sababu asiyoijua hata yeye. Hakuna anayeinua macho. Na kwenye Mark II GX100 yangu ya 1998, maradhi yalikuwa huko huko juu.

Ulianza uvimbe mdogo pembeni mwa taa ya ndani. Joto la Januari likapita, na kitambaa kikawa kimeshuka kama chandarua kilichokatika kamba. Mama mkwe alikibeba kwa kilemba chake kipya njia nzima, kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Aliposhuka alijikung'uta mabega, akautazama unga wa kahawia uliomganda vidoleni, akaniuliza kwa ule upole wa wakwe: "Baba, humu ndani huwa kunanyesha?"

Trafiki naye alinisimamisha kwa kuwa kioo cha nyuma hakikuonekana. "Mzee, umeficha nini humo juu?" Akaingiza kichwa dirishani na kukidunga kitambaa kwa kalamu. Kilikuwa kimechakaa, kikapasuka, na vyote vilivyokusanyika mle vikammwagikia kwenye lile shati lao jeupe. Aliniruhusu niende bila hata kuuliza leseni.

Unga huo ndio kesi yenyewe. Wengi hudhani gundi imeisha nguvu, kumbe gundi haina kosa. Kitambaa cha dari hakibandikwi moja kwa moja kwenye ubao. Katikati kuna sponji nyembamba ya milimita chache, na hiyo ndiyo inayokufa. Gari likifungwa juani, joto la ndani hupita nyuzi 50, na unyevu wa pwani humalizia kazi. Sponji inalika hadi inakuwa vumbi. Sasa ukipaka gundi mpya juu yake, gundi itashika vumbi vizuri sana, ila vumbi lenyewe halijashika kitu.

Nenda kaeleze hayo kijiweni uone. Shemeji yangu alikuja na pini za ubao wa matangazo, akazipanga kwa mistari iliyonyooka, akajisifu. Barabara yetu ina matuta. Pini zilidondoka moja moja, na kila iliyodondoka ilipatikana na abiria, kwa kuikalia. Jirani akaniletea gundi nyeupe ya seremala, ambayo ilishika vizuri usiku kucha. Kufika saa sita mchana, kitambaa kikawa kimerudi kichwani mwangu, safari hii kikiwa na madoa.

Ndipo nikapelekwa kwa fundi wa viti vya magari. "Kazi ya asubuhi tu hiyo, bosi," alisema. Hakusema asubuhi ya lini. Tena akanishawishi kwamba maadamu tunafungua juu, na milango nayo tuivalishe, maana vitambaa vyake vilikuwa vimeanza kubanduka. Akapachika bisibisi kwenye ukingo wa ubao wa mlango, akavuta. Ta! Nikaruka. "Usiogope, hizo ni klipu," akasema, na akaendelea kuzivunja. Nyuma ya ubao kulikuwa na nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi. Aliing'oa, akaikagua juani, akaona ni nzuri, akaenda kuvalishia siti ya bodaboda yake.

Nailoni ile haikuwekwa pale kwa urembo. Maji ya mvua huteremka ndani ya mlango kupitia kwenye kioo, na yenyewe ndiyo inayoyazuia yasifike kwenye ubao. Ilinyesha mvua moja tu ya masika, ubao ukafura na siti ya bodaboda ikabaki kavu kabisa.

Kuhusu kitambaa, fundi alikuwa na masalia ya makochi, rangi ya damu ya mzee, maua ya dhahabu. Nikamwambia hapana. Akauliza kama nina ugomvi na maua. Nilichokuwa na ugomvi nacho ni kwamba hakivutiki, na dari ya gari imejaa mikunjo. Kitambaa kigumu kikifika kwenye kona kinafanya makunyanzi.

Kazi ikaja kuokolewa na kijana wake msaidizi, siku fundi alipokwenda msibani. Alitoa vizuia jua, vishikio na taa, akalaza kiti cha mbele, akapitisha ubao mlangoni bila kuukunja. Akausugua kwa brashi hadi vumbi likaisha. Akapaka gundi ya kuhimili joto pande zote mbili, akakaa, akawa anaigusa kwa kidole mpaka ikaacha kunata mkononi. Kisha akalaza kitambaa cha kijivu kilichokuja na sponji yake mgongoni, akikisukuma kwa kiganja toka katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa sababu gundi ya namna ile ikishagusana haikupi nafasi ya kujirekebisha. Dari haijashuka tena. Fundi aliporudi akasema ndivyo alivyomfundisha.

Nawe ukipeleka lako, simamia nailoni ya mlango irudi mahali pake, na hesabu klipu kabla hujatoa hela. Mimi sikuhesabu mapema, na mlango wangu wa kushoto hugonga kila tunapovuka tuta.