Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, mkubwa wangu,

Shikamoo. Baada ya shikamoo, pokea salamu za masjala nzima; ukiwa na shughuli, katibu muhtasi wako atazipokea, kama alivyozipokea barua zangu zilizotangulia. Mimi ni tarishi wako, yule anayekushikia mlango kila asubuhi. Sitarajii unikumbuke, maana wakati huo huwa unaongea na simu.

YAH: SHUKRANI, NA OMBI DOGO

Ulipotuvisha bangili za kuhesabu hatua na kuagiza kila mtumishi afikishe 10,000 kwa siku, wapo walionong'ona kwamba lengo hilo halikutoka kwa daktari, ila lilienezwa na kipima hatua kiitwacho Manpo-kei, kilichoingia sokoni Japani mwaka 1965. Wengine wakaleta utafiti wa Marekani wa 2019, kwamba kwa akina mama wazee faida iliacha kuongezeka walipokaribia hatua 7,500. Niliwanyamazisha. Akina mama wale hawakubahatika kuwa na bosi kama wewe.

Maana ulituongezea neema. Lifti ilipokufa, kwa hekima yako ukaiacha ipumzike. Posho ya nauli ukaifuta, nami sasa nashuka Magomeni na kumalizia kwa miguu hadi Posta. Mshahara ukichelewa napanda uhasibu, ghorofa ya 8, naambiwa njoo kesho. Kesho napanda tena. Mwajiri mwingine angenilipa kwa wakati akaniacha ninenepe bure.

Kikwazo ni toroli, Mheshimiwa. Bangili inahisi mtikiso wa mkono; habari za mguu haina. Nikisukuma toroli la majalada mikono imeshika chuma, imetulia, hivyo kwa hesabu yake nimekaa. Basi nikaihamishia kwenye kifundo cha mguu, ndani ya soksi, na haki yangu ikarudi. Nyumbani mambo ni kinyume: nimeketi juu ya mbuzi nakuna nazi, bangili inanipongeza kwa mwendo mkali. Mke wangu alipoligundua hilo, na chapati nikaachiwa nikande mimi. Hatua za jikoni nazitoa kwenye daftari kila usiku, kwa kuwa wewe umetufundisha uadilifu.

Pamoja na juhudi zote hizo, kwenye ubao wa matokeo ya hatua wa kwanza ni wewe, kila wiki. Sina kinyongo. Barabara ya kwako tunaijua na mashimo yake. Gari likirukaruka, mkono wako nao unarukaruka, na bangili, chombo chenye adabu, inamtambua wa kumhesabia. Pole na safari.

Kwa unyenyekevu basi naomba mshahara wangu, siku utakapotoka, ulipwe kwa sarafu za shilingi 100, moja moja, huko huko ghorofa ya 8. Awali nilikusudia kuwa mpandaji mimi. Lakini mimi nani nifaidi peke yangu? Sarafu zikae kwenye buti la gari lako, uani, nawe uniletee kwa mkono wako mtukufu, moja kila safari. Nitakungoja juu. Kila utakapofika nitasimama, nitapokea kwa mikono miwili, nitasema ahsante, kisha nitakuomba ya pili.

Najua muda huna. Jibu lisipokuja hadi Ijumaa, nitahesabu kwamba umeridhia, na Jumatatu nitatangulia na kiti changu.

Wako mtiifu,
Tarishi